SOMO LA UFUNDI: KUFUMA GLAVU ZISIZO NA VIDOLE KWA MZUNGUKO



Katika kurasa hizi tumezoea kujifunza sheria za kazi, mikataba na hesabu za mishahara. Leo tunaingia katika somo la mikono. Tutajifunza kufuma glavu zisizo na vidole, yaani glavu zinazofunika kifundo na kiganja lakini huacha vidole wazi. Tumechagua kazi hii kwa sababu tatu: anayeanza anaweza kuimaliza, haihitaji mtaji mkubwa, na inatufundisha jambo ambalo kila mfanyakazi anapaswa kulijua, nalo ni kuhesabu thamani ya jasho lake.

Jinja si mji wa baridi, lakini askari anayelinda lango la kiwanda usiku kucha karibu na mto Nile anaijua baridi ya saa kumi za alfajiri. Huko Mbale, chini ya Wanale, mambo ni makali zaidi. Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba, una urefu wa mita 4,321, na kahawa ya arabika ya Bugisu hulimwa katika miteremko yake iliyo juu ya mita 1,300. Mchuma kahawa huanza kazi umande haujakauka. Mwendesha boda-boda hushuka na upepo kutoka Kapchorwa. Mama wa sokoni hupanga nyanya kabla ya jua kuchomoza. Watu hawa wote wanahitaji mikono yenye joto na vidole vilivyo huru kuchuma, kushika breki na kuhesabu chenji. Glavu nzima haiwafai. Hii ya leo inawafaa.

KWANZA, USALAMA

Kabla hatujashika sindano, tukubaliane juu ya jambo moja. Glavu ya kufuma haivaliwi hata mara moja karibu na mashine inayozunguka. Iwe mashine ya kusokota pamba, mkanda wa kuendeshea mtambo, roli za kukamulia miwa au keekee ya kutobolea chuma, sheria ni ile ile. Uzi uliofumwa haukatiki upesi. Ukinaswa, huvuta glavu, na glavu huvuta mkono. Mfanyakazi anaweza kupoteza vidole kabla mwenzake hajafikia swichi.

Pili, uzi mwingi wa madukani ni wa akriliki, ambao hutokana na mafuta ya petroli. Uzi huo ukipata moto huyeyuka na kugandana na ngozi. Basi mpishi aliye mbele ya jiko, fundi wa kuchomelea vyuma na mtu wa tanuru wasizivae kazini.

Tatu, glavu hizi si kifaa cha kinga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kinga vinavyofaa kwa hatari ya kazi yao. Mtu yeyote asije akakwambia kwamba kwa kuwa unajua kufuma, ujitengenezee kinga mwenyewe. Kinga ni wajibu wa mwajiri. Glavu za leo ni za baridi tu.

UZI TUUPATE WAPI

Mashariki ya Uganda ni nchi ya pamba, na Jinja imejulikana kwa nguo tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954 na umeme wake kuendesha viwanda kama Nytil. Mbale nayo ilipata kiwanda chake cha nguo. Hata hivyo, uzi wa pamba si bora kwa glavu hizi. Pamba hainyumbuki sana, hunywa maji, na ikilowa hukaa na baridi kwa muda mrefu. Uzi unaofaa ni wa sufu, yaani manyoya ya kondoo, au wa akriliki, au mchanganyiko wa hizo mbili.

Ukiwa na fedha, nunua donge la uzi wa sweta wa unene wa kati. Gramu 50 hivi zatosha jozi moja. Ukiwa huna, nenda kwenye mivumba, au mitumba kama wasemavyo jirani zetu, ukatafute sweta kuukuu ya kufumua. Lakini usinunue ovyo. Igeuze ndani nje uitazame mishono ya ubavuni. Ikiwa kingo za vipande ni nzima, zimefumwa hadi mwisho na kuunganishwa kwa uzi mmoja, sweta hiyo itafumuka vizuri na kukupa uzi mrefu. Ikiwa kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi mwingi wa cherehani, iache. Kila mstari umekwisha katwa, nawe utapata vipande vifupi visivyofaa.

Anza kufumua kutoka juu, yaani shingoni au mabegani, ukishuka. Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti upate mashada, uyafunge sehemu nne yasivurugike, uyafue kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha uyaning'inize yakauke ukiwa umefunga kitu kizito kidogo upande wa chini. Mikunjo yote itanyooka.

Kama hujui uzi wako ni wa namna gani, chukua kipande cha urefu wa kidole, ukishike kwa koleo juu ya sahani, ukichome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika. Pamba huwaka kama karatasi. Akriliki huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi.

SINDANO

Tunahitaji sindano 5 fupi zenye ncha pande zote mbili. Sindano 4 zitashika kazi, na ya tano itafuma. Kwa uzi wa unene wa kati, sindano ya milimita 3.5 au 4 inafaa.

Wafumaji wengi wa vijijini hutumia spoki za baiskeli. Ni akili nzuri. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2 hivi, kwa hiyo inafaa uzi mwembamba. Ikate urefu wa sentimita 20, usugue ncha zote kwa tupa mpaka ziwe za mviringo, zisichome kidole wala kupasua uzi. Kwa sindano nene zaidi, chonga mwanzi mkavu uliokomaa, uulainishe kwa msasa, kisha uupake mafuta kidogo ya kupikia na kuupangusa. Tumia mwanzi uliopandwa nyumbani. Mwanzi wa hifadhi ya mlima usiuguse.

VITANZI VIWILI TU

Kazi yote ya kufuma ina vitanzi vya aina mbili. Waliosoma ufundi wa nyumbani shuleni wamevizoea kwa majina ya Kiingereza. Katika somo hili tutaviita kitanzi wazi na kitanzi pindu.

Kitanzi wazi: Uzi uwe nyuma ya kazi. Ingiza sindano ya kulia katika kitanzi cha kwanza cha sindano ya kushoto, ukitokea mbele kwenda nyuma. Zungusha uzi kwenye ncha, uuvute kupitia kitanzi kuja mbele, kisha acha kitanzi cha zamani kianguke kutoka sindano ya kushoto. Upande unaokutazama utaonyesha umbo la herufi V.

Kitanzi pindu: Uzi uwe mbele ya kazi. Ingiza sindano ya kulia katika kitanzi kutoka upande wa kulia kwenda kushoto, kwa mbele. Zungusha uzi kwenye ncha, uusukume kupitia kitanzi kwenda nyuma, kisha acha kitanzi cha zamani kianguke. Upande unaokutazama utaonyesha kinundu kidogo.

Kila unapotoka kitanzi wazi kwenda kitanzi pindu, leta uzi mbele, upite kati ya sindano mbili. Unaporudi, urudishe nyuma kwa njia hiyo hiyo. Usiupitishe juu ya sindano, maana utazaa kitanzi cha ziada na tundu.

KIPIMO NA HESABU

Usianze glavu kabla ya kufuma kipande cha kujaribu. Anzisha vitanzi 30, ufume mstari mmoja wa vitanzi wazi, ugeuze, ufume mstari mmoja wa vitanzi pindu, na kuendelea hivyo hadi upate kipande cha urefu wa sentimita 12. Kilaze mezani bila kukivuta. Weka rula katikati, uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10.

Sasa pima kiganja chako kwa utepe, kuzunguka chini ya vidole, bila kidole gumba. Tuseme kiganja ni sentimita 20 na kipande chako kina vitanzi 22 katika sentimita 10. Hiyo ni vitanzi 44. Punguza sehemu moja ya kumi ili glavu ishike mkono: unabaki na 40 hivi. Hesabu ya mwisho lazima igawanyike kwa 4, nayo 40 inagawanyika. Hiyo ndiyo hesabu tutakayotumia.

Mwenye spoki na uzi mwembamba huenda akapata vitanzi 30 katika sentimita 10. Kwake kiganja hicho hicho ni vitanzi 60, akipunguza ni 54. Kwa kuwa 54 haigawanyiki kwa 4, achague 52 au 56. Hivyo ndivyo fundi anavyofuma kwa uzi wowote na kwa mkono wowote, hata wa mtoto, bila kusubiri karatasi ya maelekezo kutoka kwa mtu.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Kuanzisha. Funga kitanzi cha kuteleza kwenye sindano ya kushoto. Fuma kitanzi wazi ndani yake, lakini usiangushe cha zamani. Kichukue kitanzi kipya ukiweke kwenye sindano ya kushoto. Sasa unavyo viwili. Endelea hivyo, kila mara ukifuma ndani ya kile cha mwisho, mpaka vifike 40. Legeza mkono, ukingo ukikaza, mkono hautapita.

Hatua ya 2: Kugawa. Hamisha vitanzi, bila kuvifuma, viwe 10 katika kila sindano kati ya sindano 4. Zipange mezani kama mraba. Kitanzi chenye uzi wa donge kiwe upande wako wa kulia, na kitanzi cha kwanza kabisa ulichoanzisha kiwe upande wa kushoto. Tazama ukingo wa chini: lazima wote ulale upande wa ndani ya mraba, pasiwepo mahali ulipojiviringa juu ya sindano.

Hatua ya 3: Kuunganisha. Kwa sindano ya tano, fuma kitanzi cha kwanza cha upande wa kushoto na uvute uzi kwa nguvu kidogo. Mduara umefungwa. Funga uzi wa rangi nyingine mahali hapa. Hiyo ni alama ya mwanzo wa kila mzunguko.

Hatua ya 4: Mbavu za kifundo. Fuma vitanzi wazi 2, vitanzi pindu 2, urudie hivyo mpaka mwisho wa mzunguko. Sindano moja ikiisha vitanzi, hiyo iliyo tupu ndiyo inayofuma sindano inayofuata. Fuma mizunguko 18, sawa na sentimita 6 hivi. Mbavu hizi ndizo zinazobana kifundo na kuzuia upepo.

Hatua ya 5: Kiganja. Fuma vitanzi wazi tupu kwa mizunguko 15. Katika kufuma kwa mzunguko, upande wa nje unakutazama wakati wote, ndiyo maana hatuhitaji kitanzi pindu hapa.

Hatua ya 6: Nafasi ya kidole gumba. Ukifika kwenye alama, usiendelee kuzunguka. Geuza kazi, urudi ulikotoka kwa vitanzi pindu mpaka upande wa pili wa alama. Geuza tena, ufume vitanzi wazi. Fuma mistari 14 kwa namna hii. Wa kwanza ni wa vitanzi pindu na wa 14 ni wa vitanzi wazi. Utaona mwanya wa sentimita 5 kasoro kidogo umejitokeza. Humo ndimo kidole gumba kitakapopita.

Hatua ya 7: Kuunganisha tena. Baada ya mstari wa 14, usigeuze. Endelea moja kwa moja kwenye sindano ya kwanza na kufunga mduara kama mwanzo. Fuma vitanzi wazi kwa mizunguko 8.

Hatua ya 8: Mbavu za juu na kufunga. Fuma mbavu za 2 kwa 2 kwa mizunguko 6. Kisha funga: fuma vitanzi 2, kila kimoja kwa aina yake, uchukue cha kwanza ukipitishe juu ya cha pili na kukiangusha. Fuma kingine, urudie. Kibaki kimoja, kata uzi, upitishe ndani yake na ukaze. Fanya kazi hii kwa mkono mlegevu.

Hatua ya 9: Kumalizia. Kwa sindano ya kushonea yenye tundu kubwa, ficha miisho ya uzi upande wa ndani. Shona mara mbili tatu kwenye pembe ya juu na ya chini ya mwanya wa kidole gumba, maana hapo ndipo glavu huchanika kwanza.

Glavu ya pili ni sawa na ya kwanza. Kwa kuwa mwanya uko ubavuni, hakuna ya kushoto wala ya kulia, na moja ikipotea unafuma moja tu.

MATATIZO YANAYOWAPATA WANAOANZA

Ukiona mstari wa mianya kama ngazi kati ya sindano na sindano, kaza kitanzi cha kwanza cha kila sindano. Ukiona kazi imejipinda kama kamba, ujue ukingo ulijiviringa katika hatua ya 2; hakuna dawa ila kufumua na kuanza upya, na hiyo si aibu. Hesabu ikizidi 40, tafuta mahali uzi ulipopita juu ya sindano. Ikipungua, kitanzi kimeanguka. Kifuate chini na kukipandisha mstari kwa mstari kwa ncha ya sindano. Hesabu vitanzi kila baada ya mizunguko 5. Anayehesabu mapema hufumua kidogo.

SASA TUHESABU JASHO

Jumla ya mizunguko na mistari yetu ni 18 na 15 na 14 na 8 na 6, yaani 61. Kila mmoja una vitanzi 40. Glavu moja ni vitanzi 2,440, na jozi ni 4,880. Anayeanza, akifuma vitanzi 10 kwa dakika, atatumia saa 8 na dakika chache. Akizoea na kufikia vitanzi 20 kwa dakika, atatumia saa 4. Katika hesabu hiyo hatujatia kufumua sweta, kufua uzi, kumalizia wala kwenda sokoni.

Tuchukue mfano, si bei ya soko. Tuseme uzi umekugharimu shilingi 5,000, na mchuuzi anakupa shilingi 12,000 kwa jozi. Zinabaki 7,000. Kwa saa 8, umelipwa shilingi 875 kwa saa. Kwa saa 4, umelipwa 1,750. Mchuuzi akikushusha hadi 8,000 kwa kusema "umefuma tu umekaa nyumbani", unabaki na 3,000, yaani shilingi 375 kwa saa kwa yule anayeanza. Je, ungekubali kuajiriwa kwa ujira huo?

Hapa ndipo somo letu linapogusa chama. Kima cha chini cha mshahara nchini kiliwekwa mwaka 1984. Bunge lilipitisha muswada mpya wa kima cha chini mwaka 2019, lakini Rais hakuutia saini. Ikiwa mfanyakazi wa kiwandani amehangaika hivyo kupata kiwango cha haki, mfumaji wa nyumbani, asiye na mkataba wala mwenzake wa kumsemea, yuko katika hali ngumu zaidi. Analipwa kwa kipande, wala hakuna anayeuliza kipande kimechukua saa ngapi. Asipouliza yeye mwenyewe, hataulizwa.

Kwa hiyo tunashauri haya. Kwanza, kila mfumaji awe na daftari, aandike bei ya uzi, saa alizofanya na bei aliyouzia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, wafumaji wa mtaa mmoja wanunue uzi pamoja na wakubaliane bei ya chini ambayo hakuna atakayeshuka. Mchuuzi humshinda mmoja mmoja. Akikuta kumi wana neno moja, atazungumza. Tatu, oda kubwa, kama ile ya shule au ya kampuni ya ulinzi, iandikwe: idadi, vipimo, bei, tarehe ya kulipa, na malipo ya awali ya kununulia uzi. Nne, anayemfundisha mwenzake kufuma amfundishe na hesabu hii siku hiyo hiyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kiganja ni sentimita 18, na kipande cha kujaribu kina vitanzi 24 katika sentimita 10. Utaanzisha vitanzi vingapi?
2. Taja sehemu tatu kazini kwenu ambapo glavu hizi zisivaliwe, na ueleze kwa nini.
3. Kikundi chenu kimepewa oda ya jozi 30 kwa wiki mbili. Mko wafumaji 6, na kila jozi ni saa 5. Kila mmoja atafanya saa ngapi? Je, bei mliyopewa inazilipa saa hizo?

Fanyeni hesabu kwa pamoja, mwenye kalamu awaandikie wenzake. Kisha shikeni sindano.